Errai, Mchungaji wa Kaskazini, na Sayari Iitwayo Tadmor

Ndugu msomaji, nyota nyingi zinazoonekana kwa macho matupu zinaitwa hadi leo kwa majina ya Kiarabu, hata katika vitabu vya watu wasioijua herufi moja ya lugha hiyo. Aldebaran ni al-Dabaran, yaani mfuasi. Rigel ni rijl, mguu. Vega limetokana na al-Waqi', mwenye kutua, nao Waarabu walimkusudia tai anayeshuka. Katika orodha hiyo ndefu imo nyota moja ambayo haina mng'ao wa kumvutia mpita njia, wala haitajwi sana: Errai. Mtoto wa madrasa aliyepiga hatua kidogo katika Kiarabu atalitambua jina hilo mara moja. Ni ar-Ra'i, mchungaji. Hata asiyesoma Kiarabu analo neno la ukoo huo kinywani mwake kila siku, kwa sababu neno letu "raia" limetoka katika shina hilohilo. Raia ni wale walio chini ya uangalizi wa mchungaji.

Waarabu wa jangwani walipoitazama sehemu ile ya mbingu iliyo karibu na ncha ya kaskazini walimwona mchungaji, mbwa wake na kundi la kondoo. Wayunani walipoitazama sehemu hiyohiyo walimwona mfalme aitwaye Cepheus, na nyota yetu ikaangukia mguuni pake. Mtu aliyezikutanisha mila hizo mbili kwa ustadi mkubwa alikuwa Abdul-Rahman al-Sufi, mwanafalaki aliyezaliwa Rayy mwaka 903 na kufanya kazi Isfahan. Katika kitabu chake kuhusu sura za nyota zilizotulia, alichokiandika karibu mwaka 964, alizichukua sura 48 za Ptolemy, akazipima upya kwa macho yake mwenyewe, kisha akaandika pembeni mwa kila moja majina ambayo Waarabu walikuwa nayo. Wanasayansi wa leo huiita nyota hii Gamma Cephei katika maandiko yao, lakini jina lake lililoidhinishwa na Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki ni Errai.

Safu hii imeichagua si kwa ajili ya jina peke yake. Errai si nyota moja bali ni mbili, na katika nafasi iliyo baina ya mbili hizo inazunguka sayari kubwa ya aina ya Mushtarii. Historia ya kugunduliwa kwa sayari hiyo ni miongoni mwa visa vyenye mafunzo mengi katika elimu ya falaki ya zama zetu, nami nashangaa kwamba hakisimuliwi sana.

Tuanze na mpangilio wenyewe. Errai iko umbali wa takriban miaka 45 ya nuru. Nuru hukata kilomita zipatazo 300,000 kwa kila sekunde, na pamoja na kasi hiyo huchukua karibu nusu karne kutufikia kutoka huko. Maana yake ni kwamba nuru tunayoipokea sasa iliondoka katika nyota ile karibu mwaka 1980. Naomba msomaji auweke mwaka huo akilini, kwa sababu tutaukuta tena.

Nyota kubwa ya jozi hii ina maada inayozidi ile ya Jua letu kidogo tu, lakini imevimba. Imekwisha kuitumia haidrojeni iliyokuwa katika kiini chake, na sasa imeingia katika uzee wa nyota, ambapo tabaka za nje hutanuka na kupoa. Kipenyo chake kinakaribia mara tano ya kipenyo cha Jua, rangi yake inaelekea chungwa, na mwanga wake unazidi ule wa Jua kwa zaidi ya mara kumi. Nyota ya pili ni kinyume chake kabisa. Ni kibete chekundu chenye maada ya takriban sehemu nne kwa kumi za Jua, hafifu kiasi kwamba humezwa na mng'ao wa mwenziwe. Ilishukiwa kuwapo kwa miaka mingi kabla ya kuonekana, na ni mwaka 2007 tu ambapo kundi la watafiti wakiongozwa na Ralph Neuhäuser wa Ujerumani lilitangaza kwamba limeipata katika picha, likitumia darubini ya Subaru iliyoko Hawaii na nyingine iliyoko Calar Alto, Hispania.

Nyota hizo mbili huzungukana mara moja kwa kila miaka ipatayo 67. Mtu anaweza kuzaliwa, akasoma, akaoa, akalea wajukuu, na kibete kile kikawa kimekamilisha duara moja. Na duara lenyewe si duara kamili. Limevutika kama yai, hivyo kuna miaka ambapo nyota mbili hukaribiana na miaka ambapo hutengana.

Ili umbali huo ueleweke, tufanye kana kwamba tumeliondoa Jua letu na kuiweka Errai mahali pake. Sayari yake kubwa ingekuwa mbali na nyota mara mbili ya umbali wa Dunia na Jua, yaani ng'ambo kidogo ya njia ya Mirihi, ikikamilisha mwaka wake kwa siku zipatazo 903, ambazo ni miaka yetu miwili na nusu. Kibete chekundu, kwa wastani, kingekuwa mahali pa Uranusi. Kinapokaribia kabisa kingefika nje kidogo ya njia ya Zohali, na kinapokwenda mbali kingeikaribia njia ya Neptuni. Katika familia yetu ya sayari hakuna kitu kizito namna hiyo kinachopita katika maeneo hayo. Mushtarii, ambayo ndiyo kubwa kuliko sayari zetu zote, haifikii hata sehemu moja kwa elfu ya maada ya Jua.

Hapa sina budi kusahihisha taswira iliyozoeleka. Mtu akisikia sayari yenye jua mbili, hufikiri juu ya sayari inayozizunguka nyota zote mbili kwa pamoja, na filamu zimeikuza taswira hiyo. Sayari za namna hiyo zipo kweli. Mojawapo ni ile iitwayo Kepler-16b, iliyotangazwa mwaka 2011, yenye ukubwa unaokaribia ule wa Zohali. Lakini sayari ya Errai haiko hivyo. Inaizunguka nyota kubwa peke yake, na ile ndogo hupita kwa mbali kama jirani. Lau mtu angesimama juu ya mwezi wa sayari hiyo (nasema kwa kukisia, kwani hakuna mwezi uliogunduliwa huko), angeliona jua la rangi ya chungwa lenye kipenyo zaidi ya maradufu ya hili tulionalo sisi. Jua la pili lingekuwa nukta nyekundu, lisilo na duara la kuonekana kwa macho, lakini lenye kuangaza mara kadhaa kuliko mwezi wetu mpevu. Kuna majira ambapo nukta hiyo ingechomoza jua kubwa linapozama, na usiku usiwe na giza kamili. Na kuna majira ambapo zingechomoza pamoja, na ile ndogo ikasahauliwa mchana kutwa.

Sayari hii, ndugu msomaji, hakuna aliyeiona hata leo. Imejulikana kwa athari yake tu. Umewahi kumwona mtu mzima akimshika mtoto mikono miwili na kumzungusha uwanjani? Mtoto hupaa na kufanya duara kubwa, lakini mtu mzima naye hatulii. Hubidi ajitupe nyuma kidogo, na nyayo zake huchora duara dogo mchangani. Hata kama mtoto asingeonekana, kwa kuzitazama nyayo za yule mkubwa ungejua kwamba anamzungusha mtu, ungejua anamzungusha kwa kasi gani, na ungekisia uzito wake. Ndivyo nyota inavyotikiswa na sayari yake. Inapotujia kidogo, mawimbi ya nuru yake hubanwa, inapotukimbia, hunyooka. Ni jambo lilelile tunalolisikia barabarani pale honi ya basi inapokuwa kali likija na nzito likishapita.

Lakini kiasi chenyewe ndicho kigumu. Errai hutikiswa na sayari yake kwa kasi ya mita zipatazo 27 kwa sekunde. Hiyo ni kasi ya basi la mikoani katika barabara nzuri, kilomita 100 kwa saa hivi. Fikiri kuhusu mpira wa moto mkubwa mara tano kuliko Jua, umbali wa miaka 45 ya nuru, ambao uso wake unatokota na kuchemka, kisha utakiwe kusema kama mpira huo wote unasogea kwa mwendo wa basi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, karibu wakati uleule ambapo nuru tunayoiona sasa ilikuwa ikiiacha Errai, wanasayansi watatu wa Canada, Bruce Campbell, Gordon Walker na Stephenson Yang, walijitwisha kazi hiyo. Walitumia darubini yenye kioo cha mita 3.6 iliyojengwa na Canada na Ufaransa juu ya mlima Mauna Kea huko Hawaii, mita 4,200 juu ya usawa wa bahari. Mbinu yao ilikuwa ya kijasiri. Ili wapate rula ya kupimia mawimbi ya nuru, waliipitisha nuru ya nyota katika chombo kilichojaa gesi ya haidrojeni floraidi, ambayo huacha mistari yake yenye mahali panapojulikana kikamilifu. Gesi hiyo ni sumu, na hula hata kioo. Ikivuja chumbani ni msiba. Waliishughulikia usiku baada ya usiku, mwaka baada ya mwaka, kwa siku chache tu za darubini walizokuwa wakipewa, katika zama ambapo wengi wa wenzao waliona kutafuta sayari za nyota nyingine kuwa si kazi ya mtu makini.

Walizifuatilia nyota zipatazo ishirini. Mwaka 1988 wakachapisha matokeo yao. Katika Errai waliona mambo mawili. La kwanza lilikuwa mvuto mkubwa wa polepole, usiokamilika katika miaka yote waliyoitazama, nao ukawa ushahidi wa ile nyota ya pili. Walipouondoa mvuto huo katika hesabu, kulibaki kitu kidogo: mtikisiko wa mita zipatazo 25 kwa sekunde, ukipanda na kushuka kwa muda wa karibu miaka miwili na miezi minane. Mtikisiko wa namna hiyo ungeweza kuletwa na sayari kubwa kidogo kuliko Mushtarii. Hakuna mtu duniani aliyekuwa amethibitisha wakati huo kwamba kuna sayari nje ya familia ya Jua letu. Wao walikuwa na dalili yake mkononi.

Walifanya nini? Waliendelea kupima. Na vipimo vipya vilipokuja, vikawatia shaka. Errai ilibainika kuwa nyota iliyovimba, na tabia za nyota za namna hiyo zilikuwa hazijulikani vizuri. Nyota ina madoa usoni pake, na inapojizungusha madoa hayo huja mbele yetu na kuondoka. Mtu anayepima mawimbi ya nuru anaweza kudanganyika akaona mtikisiko ambao haupo. Zaidi ya hayo, alama moja katika nuru ya Errai, inayohusiana na uchangamfu wa uso wake, ilionekana nayo kubadilika kwa muda unaokaribiana na ule wa sayari iliyodhaniwa. Mwaka 1992 walichapisha maandiko mengine, na ndani yake wakaeleza kwamba mtikisiko ule huenda unatokana na kujizungusha kwa nyota yenyewe. Dai la sayari likawekwa kando.

Mwaka huohuo wa 1992, Aleksander Wolszczan na Dale Frail walitangaza sayari zinazozunguka mzoga wa nyota iliyokufa. Na mwaka 1995, Michel Mayor na Didier Queloz wa Uswisi walitangaza sayari inayoizunguka nyota ya 51 Pegasi kwa siku nne na kitu. Ulimwengu mzima ulisikia. Mwaka 2019 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Campbell alikuwa ameshaiacha kazi ya utafiti wa nyota kabla hata tangazo la 51 Pegasi halijatoka.

Nyota, hata hivyo, iliendelea na mtikisiko wake bila kujali kilichochapishwa. Huko Texas, katika kituo cha McDonald, Artie Hatzes na William Cochran walikuwa wameanza kuitazama kwa vyombo bora zaidi. Walipoziunganisha tarakimu zao na zile za Wakanada, wakapata mfululizo wa vipimo tangu mwaka 1981 hadi 2002. Katika miaka hiyo ishirini na moja mtikisiko ulipanda na kushuka kwa saa ileile, bila kuchelewa na bila kuwahi. Madoa ya nyota hayafanyi hivyo. Huzuka, hufifia, huhama. Ile alama iliyowatia shaka mwaka 1992 ilipokaguliwa upya haikuonyesha kwenda sambamba na mtikisiko. Sayari ilikuwapo. Andiko la uthibitisho lilitoka mwaka 2003, na katika orodha ya waandishi wake yamo majina ya Walker, Campbell na Yang.

Wapo wanaokisimulia kisa hiki kwa masikitiko, wakisema Wakanada waliipoteza heshima kwa sababu ya woga. Mimi siafikiani nao. Ushahidi waliokuwa nao mwaka 1992 haukutosha kubeba dai zito kiasi kile, nao waliyasema hayo hadharani, kwa majina yao, katika jarida lilelile la fani yao ambalo wapinzani wao wanalisoma. Na tarakimu zao walizitunza. Kama wangezibadilisha kidogo ili dai lisimame, au wangezitupa kwa hasira baada ya dai kuanguka, Hatzes asingekuwa na miaka ishirini ya vipimo. Angekuwa na michache tu, na shaka ingebaki palepale. Uthibitisho wa mwaka 2003 ulijengwa juu ya vipimo vya usiku uleule waliokuwa wakihangaika na ile gesi ya sumu.

Ni nini tunachokijua kuhusu sayari yenyewe? Njia ya mtikisiko hutoa kiwango cha chini tu cha maada, kwa sababu hatujui duara la sayari limelala vipi mbele ya macho yetu. Kiwango hicho ni zaidi kidogo ya mara moja na nusu ya Mushtarii. Makadirio ya baadaye, yaliyotumia kuyumba kwa nyota mahali pake angani, yanaelekeza kwamba maada halisi huenda ni mara kadhaa zaidi ya hapo. Kwa vyovyote ni jitu la gesi, lisilo na ardhi ya kukanyaga.

Fumbo kubwa ni vipi lilizaliwa hapo. Sayari, kwa ufahamu wa sasa, hutokea katika sahani ya gesi na vumbi inayoizunguka nyota changa. Vumbi hugandana kuwa punje, punje kuwa mawe, mawe kuwa vilima, hadi pawe na donge zito la kutosha kuivuta gesi na kuihifadhi. Kazi hiyo inataka utulivu na inataka malighafi nyingi. Kibete chekundu kinaivuruga kote kuwili. Mvuto wake huikata sahani hiyo kandokando, isibaki ila sehemu ya ndani, kiasi cha umbali wa Dunia na Jua mara nne au tano. Na hata hicho kilichobaki hukitikisa, mawe yakagongana kwa kasi na kuvunjika badala ya kushikana. Ni kama kumtaka mfinyanzi afinyange chungu juu ya jamvi ambalo mwenzake analivuta kila mara.

Wapo wanaosema kwamba gesi yenyewe iliyapunguza makali ya migongano kwa kuyalazimisha mawe kwenda mwelekeo mmoja. Wengine wanasema sayari haikukua polepole, bali sehemu ya sahani ilijiporomokea kwa uzito wake na kuwa donge kwa mara moja. Na kuna rai ya tatu, ambayo binafsi naiona yenye mvuto: kwamba nyota huzaliwa kwa makundi, na katika msongamano wa utotoni nyota ya tatu ilipita karibu, ikakisukuma kibete kutoka mahali kilipokuwa awali, mbali zaidi, hadi kilipo sasa. Yaani sayari ilizaliwa katika utulivu, na jirani akahamia baadaye. Rai hizi zote bado zinajadiliwa.

Mjadala huo si wa wataalamu kujifurahisha. Karibu nusu ya nyota zinazofanana na Jua zina mwenza. Kama majirani wa karibu huzuia sayari kuzaliwa, basi idadi ya sayari mbinguni ni ndogo sana kuliko ingekuwa vinginevyo. Kuwapo kwa sayari katika nyumba ya Errai, yenye mwenza aliye karibu kiasi hicho, kunaonyesha kwamba mlango huo haukufungwa.

Kwa miaka kumi na zaidi sayari hii haikuwa na jina ila herufi. Mwaka 2015 Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki uliwaita watu wa dunia nzima wapendekeze na kuzipigia kura majina ya baadhi ya sayari za mbali. Kura zaidi ya nusu milioni zilipigwa. Kwa sayari ya Errai, jina lililoshinda lilipendekezwa na jumuiya ya wanafalaki wa Syria: Tadmor.

Tadmor ni jina la kale la Kisemiti, na ndilo jina la Kiarabu hadi leo, la mji ambao Wazungu huuita Palmyra. Ni mji wa chemchemi na mitende katikati ya jangwa la Syria, uliotajirika kwa misafara ya biashara iliyounganisha mashariki na magharibi, na ambao katika karne ya tatu malkia wake Zenobia aliinyanyukia dola ya Roma hadi aliposhindwa na Aurelian mwaka 272. Magofu yake yamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Mwezi Mei wa mwaka uleule wa 2015 mji huo ulitekwa na kundi lililojiita dola ya Kiislamu. Mwezi Agosti kundi hilo lilimuua Khaled al-Asaad, mzee wa zaidi ya miaka 80, ambaye alikuwa mkuu wa mambo ya kale ya Tadmor kwa miaka ipatayo arobaini na aliyeutumia umri wake kuufukua na kuuandikia mji wake. Ilielezwa kwamba alihojiwa kuhusu mahali vilipofichwa vitu vya thamani, naye hakusema. Mwezi huohuo mahekalu ya kale ya Baalshamin na Bel yalilipuliwa kwa baruti. Hekalu la Bel lilikuwa limesimama kwa karibu miaka elfu mbili. Zama za Ukristo lilikuwa kanisa, na baadaye, kwa karne nyingi, Waislamu wa Tadmor waliswali ndani yake. Ilipofika Desemba, matokeo ya kura yalitangazwa, na jina la mji ule likawekwa juu ya sayari inayoizunguka nyota ya mchungaji. Sidhani kwamba jina linafidia damu ya mzee yule wala jiwe moja lililovunjwa. Lakini wanafalaki wa nchi iliyokuwa ikiungua walikaa chini, katikati ya vita, wakaandika pendekezo lao na kulipeleka. Na miongoni mwa majina yote waliyoweza kuyachagua, walichagua hilo.

Limebaki suala la mahali pa kuitafuta. Mabaharia wa Bahari ya Hindi waliiita nyota ya ncha ya kaskazini al-Jah, na Kiswahili cha kale kilihifadhi neno "jaa" kwa maana ya kaskazini. Ahmad ibn Majid, baharia mashuhuri wa karne ya kumi na tano, na wenzake walipima urefu wa Jah juu ya bahari kwa upana wa vidole ili wajue wamefika wapi, na walipokuja kusini, Jah ikawazamia majini, walizipima nyota nyingine zinazoizunguka, kama vile Farqadan. Ncha hiyo haikai mahali pamoja, kwa kuwa mhimili wa Dunia huyumba polepole kama pia inayokaribia kuanguka, kwa mzunguko wa takriban miaka 26,000. Kuanzia karibu mwaka 3000, Errai itakuwa jirani wa karibu wa ncha kuliko nyota inayotumiwa sasa. Hadi hapo kibete chekundu kitakuwa kimezunguka mara zipatazo kumi na nne zaidi, na Tadmor karibu mara mia nne.

Kwa sasa, sisi tulio kusini ya ikweta tunaiona kwa shida. Mwezi Novemba, kiasi cha saa tatu usiku, husimama kaskazini kabisa: Lamu huwa juu ya upeo kwa kiasi cha ngumi moja ya mkono ulionyoshwa, Mombasa kwa vidole vinne, Unguja na Dar es Salaam kwa vidole vitatu au pungufu. Anayetaka kuijaribu aende mahali penye upeo mtupu upande wa kaskazini, pasipo taa, achukue darubini ya mkono, na atafute kwanza nyota tano zilizopangika kama herufi M. Errai iko chini yake, kushoto kidogo. Mwenye ndugu Muscat amuulize yeye. Kule haizami usiku wowote wa mwaka, na Novemba, saa hiyohiyo, huwa imepanda zaidi ya theluthi ya njia kutoka upeo hadi utosini.